Vifungo mia tatu

Shoga, leo nimeumbuka kwa kina mchumba wangu!

Shangazi yake kaniuliza, "Mwanangu, ukikaa nyumbani unapenda nini?" Nikajikaza, nikasema nakusanya vifungo, ninavyo mia tatu.

Mama wee, akavutia mkoba wake kifuani! "Cha kwanza ulipata una miaka mingapi?"

Nami mjinga nikajibu, "Tisa, shangazi. Mama ndiye aliyenipa."

"Mama mzazi?!"

Mchumba wangu akamweleza kwamba ni vifungo vya mashati, si vya jela. Unajua alijibuje? "Afadhali jela, mtu hutoka na akili."

Na huyohuyo mchumba wangu akacheka kuliko wote. Kuliko wote, shoga!

Nikasimama. "Basi leo nakuachia huru. Katafute mwenye akili."