Okidi Niliyoipanda Kama Sukuma

Chebet wangu,

Huku Kiplombe tuko salama, na ng'ombe amezaa ndama jike. Umeuliza kama niliwahi kuona ua la okidi kwenye hicho kinamasi unakofanya kazi, kabla hakijafanywa mbuga.

Niliona moja nikiwa msichana: nyeupe, yenye mkia mrefu mwembamba, juu ya mti. Nilidhani inaunyonya huo mti. Nikaibandua, nikaipanda shambani, nikaiwekea mbolea kama mboga ya sukuma. Ikaoza. Mama akaniuliza, "Kwani huko juu ilikuwa inakula nini?"

Nilirudi kuangalia. Gome la mti lilikuwa zima, halina hata tundu. Okidi ilikuwa imekaa tu pale.

Tangu hapo sijaona nyingine. Wewe unayezihesabu, ukiipata nyeupe yenye mkia, usiniletee. Niite, nitakuja mwenyewe.

Nyanya yako, Kogo