Jani la Isale la Baba Mdogo Tomasi

Crescent Town, Toronto
20 Septemba 2011

Dada Adelina,

Nakusalimu sana, wewe na shemeji na watoto. Goti lako linaendeleaje? Mimi mzima, isipokuwa mgongo, nao nimeshauzoea.

Kwenye simu uliniuliza kazi yangu, nikakujibu ni bustani. Si bustani. Nafyeka nyasi na kutengeneza uzio wa makaburi ya zamani, huko Mississauga na Brampton. Bosi wetu, mzee Rogers, alizaliwa huko shambani. Anasema palikuwa na kaunti ya wakulima iitwayo Peel, yenye tarafa zake, kila moja na baraza lake: Chinguacousy, Albion, Caledon na nyingine. Mwaka 1974 kaunti ikafutwa, tarafa zikaunganishwa. Watu wa Streetsville hawakutaka mji wao umezwe na Mississauga, ukamezwa vilevile. Mzee akisimulia hukunja uso kana kwamba ni jana. Candide, Mkongo tunayefanya naye kazi, humtania: "Papa Rogers, Chinguacousy yenyewe imeshakusahau."

Lakini sikia, dada. Mashamba yaliuzwa, leo ni maduka na barabara pana. Ila katikati ya maduka unakuta kipande kidogo chenye uzio, mawe yamesimama, majina hayasomeki tena. Nilimuuliza mzee kwa nini hawakuviuza na vipande hivyo. Akaniangalia kama nimemtukana. Akasema, "Pale yupo mama wa mtu."

Nilimfikiria baba mdogo Tomasi. Mji wa kwetu ulipopanuka hadi kijijini, aliuza kihamba chetu, shamba la ukoo, na mama akiwa amezikwa ndani yake, na mnunuzi akajenga ghala juu yake. Mimi nikiwa huku, nikaambiwa zege likiwa limeshakauka.

Sasa habari yenyewe. Najua umeniomba nimsamehe kwa kuwa anaumwa na anaogopa kufa na kinyongo chetu juu yake. Jumapili iliyopita Bernard, mwanawe anayesoma hapa, alinisubiri nje ya kanisa baada ya ibada ya Kiswahili. Akafungua Biblia, akatoa jani la isale lililokauka, limefungwa fundo kama inavyotakiwa. Wachaga wenzetu wote wakatuzunguka. Mila unaijua: isale haikataliwi, na ukishaishika umesamehe. Akaniita kaka, akasema baba yake hali wala halali. Mikono nikaiweka nyuma. Akasogea, nikarudi nyuma. Mama mmoja akaniambia, "Elinaza, hata ya muuaji hupokelewa." Nikamjibu kwamba muuaji hakumwaga zege juu ya mama yangu.

Sikuipokea, dada. Na sijuti. Kanisani hawanisalimii, wanasema nimejitakia laana. Sawa, na ije, nitaibeba pamoja na mgongo wangu.

Bernard nilimpa neno moja tu. Usiposikia kwamba amelifikisha, lifikishe wewe, uliseme karibu na sikio la baba yake akiwa bado anasikia: "Isale si yangu. Mpelekee mama. Alipo unapajua."

Wasalimie wote wanaoniulizia, isipokuwa nyumba ile.

Ni mimi mdogo wako,
Elinaza