Mchanga wa Kiprono

Jumanne

Mvua ilinyesha mpaka saa tisa, lakini uwanja wa farasi wa Kiprono haukuwa na hata dimbwi moja.

Wangu nimetandaza maranda juu ya udongo. Ikinyesha kidogo tu yanakuwa uji, na hakuna wa kupanda farasi kwenye uji. Kiprono, jirani niliyemfundisha mimi mwenyewe kupanda, amechimba mitaro, akamwaga kokoto, kisha mchanga wa mto. Wanafunzi wangu watatu wameshahamia kwake.

Leo alinikaribisha niujaribu na farasi wangu, Baraka. Ule mguu anaouburuta kwangu hakuuburuta hata mara moja. Alikimbia kama mtoto. Hata yeye amehamia, nikajiambia.

Niliposhuka, Kiprono akaniuliza kwa heshima, "Mama Chebet, wewe ndio unajua hii kazi. Mchanga inatosha ama niongeze?"

Ulitosha. Kwato zilizama kidogo tu, vile inavyotakiwa. Nikamwambia aongeze mara mbili.

Najua mchanga mwingi hufanya nini. Farasi anahangaika kung'oa kila mguu, mpaka mishipa ya nyuma ya miguu inavimba na anachechemea miezi. Farasi wake hawajanikosea kitu. Nilitaka tu wanafunzi wangu...

Akanishukuru. Mke wake akanipa kibuyu kizima cha mursik, maziwa lala, nibebe nyumbani.

Lori la mchanga linakuja kesho asubuhi. Simu iko hapa mkononi na sijampigia Kiprono kumzuia. Nimefungua kibuyu nikaonja, na hata mursik yao imeshinda yangu.