Boksi Halijavunjika

Shoga, uko? Siamini yaliyonikuta leo ghalani.

Nilikuwa napakua lori, rundo la maboksi likaniporomokea. Nikaanguka chali, mgongo ukalia ko!

Msimamizi akaja mbio. Mbio kabisa! Nikasema moyoni, kumbe ana utu. Nikamnyooshea mkono aninyanyue.

AKAOKOTA BOKSI.

Boksi, shoga! Akalitikisa sikioni: "Afadhali, halijavunjika."

Mkono wangu bado uko hewani. Nikajifanya najikuna kichwa.

Wenzangu hata hawakusimama. Siwalaumu, tunalipwa kwa boksi. Msimamizi akaniambia, "Ukikaa chini hulipwi." Nikajizoazoa mwenyewe.

Sasa niko chumbani, najikanda mgongo, pale panapouma mkono haufiki.

Huko hakuna aliyeniuliza, na hapa hakuna mtu. Basi niulize wewe. Niandikie tu, "Umeumia?"