Mistari Mitatu Iliyopinda

Baba Skola,

Sikusalimu. Bado nina hasira nawe, na kaburi halijanipunguzia hata kidogo. Anayeandika ni Skola, binti yetu. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinilainishie maneno.

Wiki iliyopita mwenyekiti wa kijiji alituletea wageni hapa Mkumbi. Walikuwa na picha za milima yetu, zilizopigwa na mzungu fulani wakati nina mimba ya huyu Skola, zikakaa kwao kabatini miaka yote. Ati wanaturudishia, tuone nchi ilivyobadilika. Nikawauliza, ninyi mnadhani tulikuwa tunangoja picha ndipo tujue maji yamekwisha? Njooni mbebe ndoo na mimi. Wakacheka, wakadhani bibi anatania.

Hata mlima wenyewe hawakuujua. Mwenyekiti akasema ni wa ng'ambo. Mimi nilipoishika tu ile picha nikajua. Ngolo zimejaa mlima mzima, mashimo yamepangwa mraba kwa mraba, safi, ila kule chini mistari mitatu imepinda. Nani mwingine angepinda vile? Kazi yako mwanaume ilikuwa kufyeka na kulaza majani kwa miraba. Yangu kukufuata na jembe, niyafukie, nichimbe shimo katikati, nipande maharage. Siku ile ulilaza majani huku umenigeukia mimi. Nikakuambia, "Tazama mlima, mimi sikimbii." Mama yako alitucheka msimu mzima.

Chini ya mistari hiyo, pichani, mkuyu umesimama juu ya chemchemi. Ule ule uliouangusha wewe, ukapanda mikaratusi toka pale hadi juu kwenye ngolo zetu. Nilipokukataza ulinijibu mbele ya wanao, "Wewe hukukaa darasani hata siku moja, unajua nini habari za miti?"

Nilijua inakunywa maji. Chemchemi ilikufa kabla yako. Ulipougua, maji ya kukuogesha niliyafuata bonde la pili, kwa miguu hii hii, na hukusema nisamehe. Ulinishika mkono tu, mzee mkaidi wewe. Nami nikauacha mkono wangu pale, mjinga mimi.

Wanao wamekataa miaka yote kuikata. Miti ya baba haiguswi, wanasema, kana kwamba mimi nilikuwa mpangaji humu ndani. Juzi nikawawekea picha mezani. Mwanao Kastori akaitazama, akatoka nje akatazama mlima, akarudi akaitazama tena.

"Mama, tukate lini?"

Jumamosi. Mche wa mkuyu ninao, naumwagilia maji ninayonawia. Chemchemi ikirudi sitaiona mimi, sijidanganyi. Pale juu tunarudisha ngolo, Kastori atalaza majani. Anajua kunyoosha, hakukufuata wewe. Lakini mistari mitatu ya chini nimemwambia aipinde.

Mkeo, ambaye bado hajakusamehe,
Mama Skola