Kipande cha Dottie

Baba mpendwa,

Kabla hata sijakusalimu, nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu wa huko nyumbani: tangu wiki iliyopita mimi ni mchezaji wa voliboli. Usiitupe barua! Natumaini u mzima, goti limetulia, na Mama hajaanza kugombana na majirani kuhusu taa za Krismasi. Mimi sijambo, ila baridi ya Iowa inang'ata masikio.

Tufe sijaliacha. Theluji ikiisha nitarusha kama kawaida. Lakini msichana mmoja wa voliboli ameacha chuo, na kocha wao, Bi Lindqvist, aliniona nikiruka mazoezini. Akaniuliza urefu wote huu nilikuwa nimeuficha wapi. Nikatazama viatu vyangu.

Sasa, Dottie ninayelala naye chumba kimoja anarusha tufe bila ufadhili wowote. Karo imemshinda mama yake, na aliniambia kwamba akienda kwao Krismasi harudi tena. Akasema, shosti, sijui nani atakukoromea. Nilicheka, halafu nikaenda kulia bafuni.

Huku, Baba, ufadhili wa riadha ni kama kapu moja: kocha anaukata vipande, wakimbiaji, warukaji na warushaji wanagawana. Wa voliboli haukatwi, kila nafasi ni nzima. Na anayecheza yote mawili anahesabiwa voliboli, hata akirusha tufe mpaka mkono ung'oke. Kwa hiyo nikiingia kule, kipande changu kinarudi kapuni.

Nikaenda kwa Kocha Haverkamp wa riadha, mimi nisiyeweza hata kuagiza chakula kwa sauti. Nikamwuliza kipande changu kitakwenda kwa nani. Akasema, we mtoto, umekuja kunipangia kazi? Kisha akacheka, akasema kitakwenda kwa Dottie, chote, na kitamtosha kubaki. Ila nifunge domo mpaka Ijumaa, atamwambia mwenyewe. Nikiropoka, atanikimbiza uwanja mpaka Pasaka.

Ningeweza kuishia hapo unione mwema. Lakini ukweli, Baba, nilikubali kwa ajili ya Dottie, huku nikiuogopa ule ukumbi na kelele zake. Jumamosi nikaingizwa. Ngoma zinalia, watu wamesimama. Mpira ukaja juu ya neti, nikasikia mtu anafoka, wangu huo, pisheni! Kumbe ni mimi. Nikaushindilia chini, wenzangu wakanirukia, nikapiga kelele tena bila sababu yoyote. Nimeupenda mchezo huu. Hata Dottie angekuwa na ufadhili wake tangu mwanzo, bado ningeutaka.

Nisalimie Mama na wote wa Laredo. Mwambie aniwekee tamale zake za unga wa mahindi na nyama, na za Dottie pia. Usinikasirikie.

Mwanao,
Itzel

Viatu vya Dottie hivyo ngazini, anaimba vibaya. Na leo ni Alhamisi tu. Amefika mlangoni, naikalia barua