Chuma cha Mama cha Vitumbua

Jumatano, 5 Juni
Siku ya tatu mama hali kitu. Chai ya rangi basi. Leo kasema anataka kitumbua — alhamdulillahi! Nikaazima kikaango cha aluminiamu kwa jirani Mariam, nikapika. Vikatoka vizuri tu. Akauma kimoja, akageuza uso ukutani. Anataka cha chuma chake. Nikamwambia mama, chuma kilibaki nyumbani kwetu Idsowe, mafuriko yamekichukua. Akasema chuma kizito vile, maji hayakibebi. Anaumwa lakini ubishi haujampungua.

Alhamisi, 6 Juni
Nimekwenda Idsowe. Palipokuwa jiko letu ni tope lililokauka, na mashimo. Watu wa vyuma chakavu wamefukua kila mahali. Hata bawaba za mlango wamebeba! Nimelia pale peke yangu.

Ijumaa, 7 Juni
Nimekipata! Kwa Galgalo, anayenunua vyuma chakavu hapa Garsen. Alikuwa na vyuma vya vitumbua vitatu, vyote kutu tupu. Akaniuliza nitajuaje cha mama. Nikavigonga kwa kijiko: viwili vina ufa, sauti mbovu. Cha tatu kikalia kama kengele. Nikapitisha kidole — macho saba ya kumiminia unga, moja limezama kuliko mengine, mkono umevunjika nusu. Hicho hicho! Cha bibi, kikaja kwa mama. Nikakikumbatia na kutu yake, buibui langu likaharibika. Galgalo akacheka, kisha akaona machozi. Akasema chukua tu, na pole kwa mama.

Jumamosi, 8 Juni
Mjinga mimi! Maji yale yalipita na mizoga ya ng'ombe, nikaona lazima nikitwahirishe chuma kabla mama hajala. Nimekisugua mara saba. Mchanga, majivu, sabuni, mpaka msasa. Kikang'aa kama sahani mpya, nami nikajiona hodari. Kumbe nimeondoa mafuta ya miaka sitini! Nimemimina unga, wote umeganda. Nimebandua vipande vipande, vina ladha ya chuma, havilikiki.

Mama mdogo Swaleha alipokiona akashika kichwa, akasema: Kutu ungeitoa, ule weusi ungeuacha, ule ndio unaopika! Mama mwenyewe kaniambia nikapumzike. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 9 Juni
Paka mafuta ya simsim, futa, weka motoni mpaka kitoe moshi, pooza, paka tena. Mara tano leo. Kimefika rangi ya kahawa tu. Mama mdogo anasema kinataka wiki nzima. Wiki! Daktari aliponivuta pembeni juzi hakutaja wiki, alitaja siku.

Tangu asubuhi mama haulizi kitumbua. Ananiomba nimfunike miguu, na imefunikwa. Ni kosa langu, kosa langu mimi.

Jumatatu, 10 Juni
Mara ya tisa. Sikuweza kungoja tena, nikamimina unga. Macho sita yameshika. Moja limeachia — kitumbua kizima, kimeiva kotekote! Nimekimbia nacho ndani kikiniunguza vidole. Nikamega kidogo, nikachovya kwenye chai, nikamtia mdomoni. Mama mdogo akaacha kumsomea sura ya Yasini, akatazama.

Mama kafumba macho. Hajatema. Hajameza. Kashika kidole changu, naandika kwa mkono mmoja, daftari gotini. Chai inapoa. Mama mdogo ananong'ona nimuulize kama ndicho chenyewe. Siulizi. Maadamu kashika kidole, yanitosha.